Sindano Alizoziona Levi Khisa

Wangechi Gicheru aliziamini hesabu zake, na kwa miaka mingi hesabu hizo hazikuwa zimemwangusha. Alizaliwa Kitale, kwa wazazi waliouza mbegu na mbolea tangu babu yake ahamie huko kutoka Nyeri. Alisomea kemia, kisha kompyuta, akarudi nyumbani na shahada ya uzamifu ambayo majirani hawakujua waifanyie nini. Mwishowe waliamua kumwita Daktari na kumwonyesha magoti yao yanayouma.

Alipata kazi katika kiwanda kidogo cha dawa za mifugo nje ya mji, mali ya mtu aliyeitwa Ngige. Wakati huo kiwanda kilikuwa kinatengeneza dawa mpya ya minyoo, ya kunywesha ndama. Kazi ya Wangechi ilikuwa kumhakikishia Ngige kwamba dawa ile haingebadilika ndani ya chupa.

Dawa za aina hiyo zina tabia ya kubadilika. Molekuli zinapotoka kwenye maji na kuwa fuwele, hujipanga safu kwa safu kama matofali ukutani, na matofali yale yale yanaweza kujengwa kwa namna zaidi ya moja. Namna moja huyeyuka vizuri tumboni mwa ndama. Nyingine, ingawa ukiipima ni dawa ile ile kabisa, hukaa kama changarawe na kutoka ilivyoingia. Kugundua namna zote kwa hesabu za zamani kulikula miezi. Wangechi alikuwa ameunda programu iliyojifunza kutokana na mifano laki kadhaa ya fuwele zilizokwisha kukokotolewa na wataalamu wengine, mpaka ikaweza kukisia kwa sekunde chache mpangilio upi umetulia na upi unalegalega. Ukiipa molekuli moja, inakurudishia orodha ndefu ya mipangilio, ulio imara zaidi ukiwa juu.

Levi Khisa hakuwa na programu. Alikuwa fundi wa maabara mwenye miaka arobaini na minane, mtu wa Kabuchai, mwenye diploma ya zamani na mkono usiotetemeka. Alipanga chumba Kitale na kurudi kwake kila Ijumaa. Chini yake walikuwapo akina mama watatu kutoka Kipsongo, vibarua wa kuosha chupa, na aliwafundisha kuosha mpaka ukishika chupa unaogopa kuiacha na alama ya kidole.

Asubuhi moja ya Februari, miaka miwili na nusu iliyopita, Levi aligonga mlango wa Wangechi, naye hakuwa na mazoea ya kugonga.

“Daktari, si ukuje uone kitu kidogo.”

Wangechi alimfuata maabara na kuinamia hadubini. Fuwele za dawa yao alizijua vizuri, vibamba vyembamba kama vipande vya kioo cha dirisha. Alichokiona siku ile kilikuwa kitu kingine: sindano, nyembamba na ndefu, zimeshikana kama nyasi kavu.

“Hizi zimetoka wapi?”

“Kwa chupa niliacha dirishani. Baridi ya usiku wiki jana ilikuwa mingi. Dawa ni ile ile, nimepima joto ya kuyeyuka. Iko juu kuliko yetu, Daktari. Digrii kumi na moja.”

“Basi ni uchafu. Kuna kitu kimeingia.”

“Uchafu unateremsha hiyo joto. Haupandishi.”

Alisema kwa upole, akiangalia sakafu, na alisema kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Wangechi alihisi masikio yake yakipata moto.

“Bwana Levi, nimepitisha mipangilio elfu kumi na mbili kwa hii programu. Hakuna kitu kama hiyo kwa orodha yangu. Osha chupa, uanze tena.”

“Nimeosha mara tatu.”

“Osha ya nne.”

Jambo ambalo Wangechi hakumwambia, na ambalo hakuna mwingine kiwandani angeweza kulijua, ni hili. Molekuli ya dawa ile ilikuwa na mkia, mnyororo mfupi wa kaboni unaoweza kupinda huku na huku. Kuuacha mkia upinde utakavyo kungefanya programu ihitaji wiki tatu badala ya siku mbili, na Ngige alitaka ripoti kabla ya Pasaka. Kwa hiyo Wangechi aliandika mstari mmoja wa kuiamuru kompyuta iuchukulie mkia kuwa umenyooka daima. Aliona hakuna ubaya, kwa kuwa kila fuwele ya jamii ile aliyowahi kuisoma ilikuwa na mkia ulionyooka. Alijiahidi kwamba angerudi kuufungua baadaye. Kisha akaandika ripoti, na katika ripoti mstari ule hakuutaja.

Aliporudi mezani kwake siku ile, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye mstari huo. Alikaa akiutazama kwa muda, kisha akafungua barua pepe na kuanza kujibu watu.

Levi hakunyamaza. Mwezi uliofuata alimwandikia Ngige ukurasa mmoja kwa mkono, kwa Kiingereza cha adabu nyingi, akiomba dawa isianze kuuzwa mpaka sindano zile zijulikane ni nini. Ngige aliwaita wote wawili ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ametangaza dawa yake katika maonyesho ya kilimo na hakutaka kusikia habari za kurudi nyuma.

“Wangechi, wewe ndiye umesoma hii maneno. Hizi sindano ni nini?”

Levi aligeuka akamtazama. Baadaye, kila alipokumbuka wakati ule, Wangechi alikumbuka kwamba hapakuwa na shutuma katika macho yale. Levi alikuwa akingoja jibu kama mtu anayengoja kusaidiwa kubeba mzigo.

“Ni uchafuzi,” Wangechi alisema. “Wa maabara.”

Basi. Ngige alipotaka neno hilo kwa maandishi, aliliandika na kutia sahihi. Kufikia mwisho wa wiki Levi alikuwa amepewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe na kuchafua sampuli, na wale akina mama watatu wa Kipsongo waliambiwa wasirudi Jumatatu.

Levi alikuja kuaga. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

“Mimi naenda, Daktari. Lakini hiyo chupa iko kwa kabati, upande wa juu. Uiangalie ukipata nafasi.”

“Nitaiangalia,” alisema Wangechi.

Hakuiangalia. Wiki mbili baadaye fundi mpya alisafisha kabati na kuimwaga, naye Wangechi alipoambiwa alihisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomsumbua kuliko mengine yote, siku zilipogeuka.

Ziligeuka Julai ya mwaka wa pili. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, mahindi yalikawia shambani, na simu za wakulima waliosema dawa haifanyi kazi zikaanza kuingia kiwandani moja moja. Mkulima mmoja wa Ndalu, mama aliyeitwa Nabwile, hakuridhika na majibu ya simu. Alitaka mtu aende akaone. Wangechi alikwenda mwenyewe.

Nabwile alimpokea vizuri, akampa kiti, kisha akampeleka kwenye zizi. Ndama watatu walisimama wamejikunyata, manyoya yamewasimama, matumbo yamevimba chini ya mbavu zinazohesabika. Kando ya ua palikuwa na udongo uliochimbuliwa karibuni.

“Hapo kuna wawili,” alisema Nabwile. “Niliwapea dawa yenyu, kipimo ile imeandikwa. Nikarudia. Ati nikafikiri ni mimi nimekosea.”

Alileta chupa. Wangechi aliinua na kuitazama kwenye mwanga wa jua. Juu palikuwa na maji maangavu. Chini palikuwa na tabaka jeupe lililoshika kioo, na alipoitikisa halikuachia.

“Madam, sasa mimi nilikuwa nanyweshea hao watoto nini?”

“Maji,” alisema Wangechi. “Dawa yote imebaki hapo chini. Hukukosea, mama. Ni sisi.”

Nabwile aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa jike, wa ng'ombe wake mzuri wa maziwa, na kwamba alikuwa amekwisha kumpa jina.

Maabara, chini ya hadubini, lile tabaka jeupe lilikuwa sindano tupu.

Wangechi alifungua programu yake, akautafuta ule mstari mmoja na kuufuta. Aliuacha mkia upinde utakavyo. Kompyuta ilikokotoa kwa siku kumi na tisa. Orodha ilipotoka, mpangilio wenye mkia uliopinda, molekuli zimeegemeana kama watu waliolala kitanda kimoja, ulikuwa namba moja. Vile vibamba walivyokuwa wakitengeneza muda wote huo vilikuwa namba sita. Programu haikuwa na kosa. Ingempa jibu lile tangu mwanzo kama angeiruhusu kulitafuta.

Walijaribu kurudi kwenye vibamba, wakashindwa. Chembe za sindano zilikuwa zimeenea mitamboni na hewani, na kila mchanganyiko mpya uliganda kuwa sindano. Hilo hutokea, limeandikwa vitabuni, na Wangechi alilisoma zamani akafaulu mtihani wake. Ngige aliirudisha dawa yote kutoka madukani na kufunga upande ule wa kiwanda.

Ilipofika zamu ya kuhamisha vitu vya maabara, Wangechi alikuta daftari la Levi nyuma ya droo ya mizani. Mwandiko ulikuwa wa kushikana, mdogo, wa penseli. Kila sindano ilikuwa imechorwa na kupimwa urefu. Chini ya mchoro mmoja palikuwa na maneno: “Dkt. W. anasema ni uchafu. Nimeosha tena. Zimerudi.” Ukurasa uliofuata: “Nimeosha. Zimerudi.” Na uliofuata: “Labda molekuli inajikunja? Nimuulize Dkt. W. akiwa na nafasi.”

Aliketi kwenye kiti cha juu cha maabara na daftari mapajani, akabaki hapo mpaka fundi mpya alipokuja kuuliza kama anaumwa.

Alimwambia Ngige yote, mstari ule na ukimya wake. Ngige alimsikiliza huku akizungusha kalamu.

“Hiyo si imepita? Huyo mzee hata tukimwita, anakuja kufanya nini? Maabara yenyewe nimefunga.”

“Barua inasema ni mzembe.”

“Andika nyingine basi. Nitaweka sahihi. Lakini Wangechi, ungeniambia wakati ule, bana. Ningekasirika wiki moja, iishe.”

Aliandika barua na kuipeleka Kabuchai mwenyewe. Hakupotea. Kila aliyemuuliza njia alijua mahali Levi anapochemshia sukari nguru. Palikuwa na kibanda cha mabati wazi pande zote, mashine ya kukamua miwa, na makarai matatu makubwa juu ya moto wa makapi. Levi alikuwa amesimama kwenye karai la mwisho na mwiko mrefu. Alikuwa amekonda. Alimwona, akainua mkono kumwomba angoje, akaendelea kukoroga. Alichota tone, akaliacha lidondoke ndani ya maji baridi, akalibonyeza kwa vidole, kisha akawapungia vijana wake wamimine. Ndipo akaja.

“Daktari. Karibu. Umefika Kabuchai kweli?”

Walikaa kwenye benchi la nyumbani kwake. Mkewe Agneta, ambaye wote humwita Mama Emmy, alileta chai na kusimama kando. Wangechi alikuwa amejiandalia maneno safari nzima, lakini yalipotoka yalitoka vibaya, ya mwisho yakitangulia ya kwanza.

“Zilikuwa za kweli. Zile sindano. Zilikuwa dawa yenyewe. Mkia unapinda, na mimi nilikuwa nimeukaza kwa kompyuta ili nimalize haraka. Nilijua siku ile ulinionyesha. Sikujua kama ndiyo sababu, lakini nilijua kuna mahali sikuangalia.”

Levi aliweka kikombe chini. Alipouliza, aliuliza jambo ambalo Wangechi hakulitarajia.

“Unapinda upande gani?”

Wangechi alifungua kompyuta, akamwonyesha picha na kuizungusha polepole. Levi alisogea karibu. Harufu ya moshi na sukari ilikuwa imemwingia mpaka nywele. Alitazama muda mrefu, akaomba izungushwe tena, akaonyesha kwa kidole mahali mikia miwili inapokutana.

“Hapa ndiyo inashika.”

“Hapo ndipo.”

“Ndiyo sababu inaganda kwa baridi tu.” Alitabasamu, na kwa dakika moja walikuwa watu wawili wa kazi moja. “Kwa hivyo niliiona.”

“Uliiona. Wewe ndiye wa kwanza.”

Tabasamu liliondoka taratibu. Alifunga kifuniko cha kompyuta yeye mwenyewe, kwa uangalifu.

“Siku ile kwa ofisi ya Ngige, Daktari. Mbona hukusema hujui? Sikutaka useme Levi ako sawa. Ungesema tu hujui.”

“Niliogopa.”

“Ungeniambia hata baadaye, nje hapo, kwamba umeogopa. Ningekuelewa. Hata mimi nilikuwa naogopa.”

Wangechi alitoa ile barua. Levi hakuipokea. Alielekeza kidevu kwa mkewe.

“Msomee Mama Emmy. Huyo ndiye anaihitaji.”

Wangechi alidhani ni maneno ya uchungu tu. Alimsomea Agneta barua akiitafsiri sentensi kwa sentensi: kwamba fundi Khisa hakuchafua kitu, kwamba kazi yake ilikuwa safi, kwamba alitoa onyo na onyo lilipuuzwa. Alipoinua macho, Agneta alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

“Nilikuwa naosha vikombe tena,” alisema Agneta. Hakuwa anamwambia Wangechi. “Akiosha kikombe, nangoja atoke, naosha tena. Ile barua ya kwanza ilikuwa na muhuri. Nikasema watu wamesoma hivyo hawawezi kuandika uongo.”

“Najua,” alisema Levi. “Nilikuwa nakusikia.”

Agneta aliingia ndani. Levi alimaliza chai yake na kusema karai halingojei mtu, akamsindikiza mgeni mpaka njia kuu na kumpa kipande cha sukari nguru kilichofungwa kwa jani la ndizi. Wangechi aliuliza kama angekubali kurudi kwenye maabara yoyote, popote, yeye angemwandikia. Levi alitikisa kichwa. Alikuwa ameomba sehemu nne, Bungoma hadi Webuye, na kote walitaka kuona barua ya kazi yake ya mwisho. Sasa mkono wake ulikuwa umezoea mwiko.

“Nataka kuchapisha hii habari,” alisema Wangechi. “Jina lako litangulie.”

“Usiniweke. Watu watauliza, kama alikuwa anajua hivyo, mbona ako kwa moshi?”

Wangechi alirudi Kitale na kuandika makala bila jina la Levi, na kila alipofika mahali pa kueleza nani aliyeziona sindano mwanzo, kalamu ilikwama. Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa Agneta.

“Weka jina yake. Akiuliza, mwambie ni mimi nimesema.”

Wale akina mama watatu hakuwapata. Alikwenda Kipsongo mara mbili, akauliza kwenye vibanda vya mboga na kisimani. Mmoja alisemekana amehamia Kapenguria kwa mwanawe. Wa pili hakuna aliyemkumbuka. Wa tatu, msichana mmoja alimwambia, alifariki mwaka uliopita, na akauliza Wangechi alimtakia nini.

Makala ilitoka Mei, katika jarida ambalo husomwa na watu mia chache duniani. L. Khisa, kisha W. Gicheru. Aliichapa kwenye karatasi nzuri na kuipeleka Kabuchai, lakini kibanda kilikuwa kimezimwa moto. Agneta alimwambia Levi ameenda Bungoma mjini kutafuta beringi ya mashine.

“Alijua nakuja?”

“Nilimwambia.” Agneta alizitazama karatasi, akalitafuta jina kwa kidole na kulipata. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mlimani. Alitazama huku na huku apate kitu cha kuzikandamizia mezani, akakosa, akabaki amezishika kwa mikono miwili. “Atarudi jioni. Nitamwonyesha.”

Wangechi alingoja saa moja na nusu. Walizungumza habari za mvua, na za Emmy aliyekuwa kidato cha tatu na hapendi kemia hata kidogo. Kisha mawingu yakashuka, naye akaaga. Alipofika barabarani aligeuka akaona Agneta bado amesimama mlangoni, karatasi kifuani, akiangalia upande wa Bungoma.